Mto haukimbii

Watoto wa Kiingereza wana kitendawili chao cha zamani: ni kitu gani hukimbia siku zote lakini hakijapiga hata hatua moja? Jibu ni mto. Mtoto wa Tanga au Machakos akitegewa kitendawili hicho kwa Kiswahili atatoa mji, na mji wa pili, na hata akipewa jibu atalikataa. Mto haukimbii. Mto hutiririka, au hupita, au hujiendea zake. Kitendawili kimefia kwenye tafsiri, kwa sababu uhai wake wote ulikuwa umefichwa ndani ya neno moja la Kiingereza, "run", ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa darasani kuwa maana yake ni kukimbia, kisha hutumia miaka yote inayofuata kugundua kuwa mara nyingi sivyo.

Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu na silabi moja. Lakini kwa Kiingereza pua ya mtoto mwenye mafua hukimbia. Khanga mpya ikifuliwa kwa mara ya kwanza, rangi yake hukimbia. Basi hukimbia kati ya miji miwili hata kama saa hii limekwama kwenye foleni, na uzio hukimbia kando ya shamba ilhali haujasogea tangu siku ulipojengwa. Mwenye duka naye hulikimbiza duka lake akiwa ameketi nyuma ya kaunta anakunywa chai. Kiswahili kina neno lake kwa kila mahali hapo: makamasi humtoka mtoto, khanga huchuja, basi hufanya safari, uzio hupita, duka huendeshwa. Vitenzi vitano vimehitajika kufanya kazi ya kimoja.

Swali la kwamba maana hizo ni ngapi hasa limepata jibu, na jibu hilo lilitoka Oxford. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza inayotolewa na chuo kikuu cha mji huo, alitumia miezi tisa kulishughulikia neno hilo, muda uleule wa kubeba mimba. Alipomaliza, kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino, kilikuwa na maana 645. Ingizo hilo jipya lilichapishwa mwaka 2011 na kushika nafasi ya kwanza kwa urefu katika kamusi nzima. Katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, bingwa alikuwa "set", neno jingine la herufi tatu, likiwa na maana zaidi ya 430. Kazi ya kuipitia upya kamusi ilipoanza, "make" ilichukua uongozi, ikafuatwa na "put", mpaka "run" ilipowapita wote.

Kamusi hiyo haikuwa ya kawaida tangu mwanzo. Wazo lake lilizaliwa London mwaka 1857, na mwaka 1879 kazi ya kuihariri alikabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule kutoka Scotland, ambaye alijenga kibanda cha mabati, akakijaza rafu zenye vijumba vidogo vya kuwekea karatasi. Wasomaji wa kujitolea walitakiwa kusoma vitabu na kunakili sentensi ambamo neno limetumiwa, kisha kutuma vikaratasi hivyo kwa posta. Vilikuja kwa mamilioni. Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884, Murray akafariki mwaka 1915 akiwa bado kwenye herufi T, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Msingi wa kazi ulikuwa mmoja: maana haikubaliwi kwa sababu mhariri anaijua kichwani, hukubaliwa kwa sababu ipo sentensi inayoithibitisha, tena ya zamani kuliko zote zilizopatikana.

Ndiyo sababu mtu asitishwe sana na hesabu ya 645. Kamusi ya aina hiyo haitupi maiti zake. Maana iliyotumiwa na mabaharia au wachunga kondoo karne kadhaa zilizopita, ikafa, bado ina kaburi lake humo, lenye tarehe. Mwingereza wa leo anaweza kuishi maisha yake yote bila kukutana na sehemu kubwa ya maana hizo.

Kitendawili cha mto, hata hivyo, si mchezo wa baadaye. Maji yalikuwamo ndani ya neno hilo tangu kale. Katika Kiingereza cha zamani lilitamkwa "rinnan", na pia "irnan", sauti ya r ikirukaruka kutoka upande mmoja wa irabu kwenda upande wa pili, kama ilivyofanya katika neno la ndege, lililokuwa "brid" kabla ya kuwa "bird". Kijerumani, ndugu wa ukoo huohuo, kiliugawa urithi mara mbili: "rennen" ni kukimbia kwa miguu, na "rinnen" ni kutiririka. Kiingereza kikaviacha vyote katika chungu kimoja. Kwa hiyo Mwingereza anaposema mto unakimbia, hatii chumvi kama mshairi. Anatumia lugha jinsi alivyoirithi.

Mabaki ya maji hayo yapo hata kwenye ramani. Katika majimbo kadhaa ya mashariki ya Marekani, hasa Virginia na Pennsylvania, kijito huitwa kwa neno hilohilo. Tarehe 21 Julai 1861, pigano la kwanza kubwa la vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani lilipiganwa kando ya kijito kimoja cha Virginia kiitwacho Bull Run. Jina hilo lina fahali na lina kijito, basi. Halisemi lolote kuhusu fahali kukimbia. Waliokimbia siku hiyo ni askari wa Kaskazini, waliovunjika safu na kurudi Washington ovyo ovyo, na ajali hiyo ya maneno imewapa watu kicheko kuanzia hapo.

Kilichoongeza idadi ya maana baadaye ni mashine. Mwandishi Simon Winchester, aliyewahi kuandika vitabu kuhusu historia ya kamusi ya Oxford, alitoa hoja hiyo kwenye gazeti la New York Times mwaka 2011: mapinduzi ya viwanda yaliwapa Waingereza vitu vingi visivyo na miguu ambavyo vilikuwa katika mwendo, na kitenzi kilichokuwa karibu kikaitwa kazini. Injini ikakimbia. Kinu kikakimbia. Saa ya ukutani ikakimbia, treni ikakimbia kwa ratiba, na kiwanda chenyewe, pamoja na majengo yake yote, kikakimbia kwa mvuke. Zilipokuja kompyuta, programu nazo zikakimbia. Leo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayejifunza kuandika programu hukutana na neno hilo mara nyingi kwa siku kuliko mwanariadha yeyote, akiwa kitini.

Upande wa fedha una maana yake inayotisha zaidi. Wateja wa benki wakisikia kuwa benki yao imeyumba na wote wakaenda kudai fedha zao kwa wakati mmoja, Kiingereza huita mkasa huo kwa nomino hiyohiyo, kana kwamba mji mzima umetoka mbio. Zamani ilikuwa kweli. Hakuna benki inayoweka fedha zote za wateja wake kabatini. Sehemu kubwa imekopeshwa, na ndiyo maana anayefika wa kwanza hulipwa na anayefika wa mwisho hukuta mlango umefungwa. Septemba 2007 foleni ndefu zilionekana nje ya matawi ya Northern Rock nchini Uingereza, jambo ambalo nchi hiyo ilikuwa haijaliona kwa zaidi ya karne moja. Tarehe 9 Machi 2023 ikawa zamu ya Silicon Valley Bank ya Marekani: kwa siku moja tu wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42. Wengi wao hawakusimama kwenye foleni yoyote. Walibonyeza simu na kompyuta zao, na kesho yake benki ikachukuliwa na serikali. Mbio hizo hazikuwa na mtu hata mmoja aliyehema.

Mchezo wa kriketi una kichekesho kama hicho. Pointi zake huitwa kwa neno la kukimbia, na kwa haki, maana wapigaji wawili hupata pointi kwa kupishana mbio kati ya vigingi vilivyoachana kwa takriban mita 20. Lakini mpigaji akiupeleka mpira nje ya mpaka wa uwanja bila kugusa chini, hupewa pointi sita palepale, na haulizwi kuhusu miguu yake. Ni mbio sita zisizokimbiwa. Wakenya wanaokumbuka mwaka 2003, timu yao ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, walizisikia sana hesabu hizo redioni. Waandishi wa Kiswahili wamezifasiri kwa njia tofauti. Wapo wanaosema alama tu, na wapo waliobuni "mikimbio", neno zuri linalobeba kichekesho chote cha asili yake.

Kwenye siasa ndipo neno hili linapowagawa wenye Kiingereza wenyewe. Mmarekani anayetaka urais hukimbia. Mwingereza anayetaka ubunge husimama. Wachambuzi wamekuwa wakitania kwamba tofauti hiyo inaonyesha tabia za mataifa mawili, moja likitoka jasho na jingine likingoja kwa adabu, ingawa kampeni za Uingereza za siku hizi hazina utulivu wa kumfanya mtu asimame popote. Kiswahili hakikumfuata yeyote kati yao. Kilikwenda kwenye "gomba", kikapata "gombea", yaani kugombana kwa ajili ya kitu, na anayetaka kiti akawa mgombea. Hakuna aliyewahi kulalamika kuwa neno hilo linatia chumvi.

Hata hivyo, ukisikiliza taarifa ya habari wakati wa uchaguzi utasikia zote tatu. Chama humsimamisha mtu, mtu huyo hugombea, na wakati huohuo yumo kwenye mbio za urais. Anayeteuliwa kuwa naibu wake ni mgombea mwenza, nafasi iliyopo katika chaguzi za Tanzania tangu mwaka 1995 na katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Wamarekani humwita kwa jina lililotoka kwenye mashindano ya farasi: farasi wa pili kutoka zizi moja, anayeingizwa uwanjani ili amwekee mwenzake kasi. Ni vyema wagombea wenza wa huku hawajatafsiriwa neno kwa neno.

Katika mambo madogo ya nyumbani orodha haina mwisho, na inatosha kuigusa tu. Soksi ndefu ya kike ikifumuka uzi, Mmarekani husema imekimbia. Mwingereza huona ngazi hapohapo. Mgonjwa huikimbiza homa. Ugonjwa wa ukoo hukimbia katika ukoo. Gazeti huikimbiza habari, maana yake limeichapisha. Mchezo wa kuigiza ukiendelea kuonyeshwa jukwaani huwa unakimbia, na hapo bingwa ni "The Mousetrap" wa Agatha Christie, uliofunguliwa London mwaka 1952 na kusimama Machi 2020 tu, janga la UVIKO-19 lilipofunga kumbi, kisha ukarudi mwaka uliofuata.

Kinachomchosha zaidi mgeni wa Kiingereza ni vijineno vinavyopachikwa baada ya kitenzi. Kitenzi hicho kikifuatwa na "out", mtu ameishiwa na sukari. Kikifuatwa na "into", amekutana na rafiki bila kutarajia, au amegonga ukuta. Kwa "over", gari limemkanyaga kuku, au mkutano umezidi muda wake. Kwa "down" mambo huzidi: betri imeisha chaji, mtembea kwa miguu amegongwa, jirani amesengenywa, mhalifu amesakwa mpaka akapatikana, na kama si kitenzi tena bali sifa, nyumba imechakaa au mtu amedhoofu kwa kazi. Mwanafunzi aliyekariri kuwa neno la kwanza ni kukimbia na la pili ni chini hana njia ya kufika kwa jirani aliyesengenywa.

Hapa ndipo inapofaa kugeuza kioo. Mzungu anayejifunza Kiswahili hupata mshtuko wake siku anapokutana na "piga". Amefundishwa kuwa ni kutia kofi au fimbo, kisha anasikia kwamba mwenyeji wake amepiga simu, anapiga pasi, watoto wanapiga mswaki, shangazi anapiga deki, bwana harusi amepiga picha, waumini wamepiga magoti, na wananchi kesho watapiga kura. Mtu hupiga chafya na miayo bila kumuumiza yeyote. Mwanasiasa hupigiwa debe. Anayeachwa na mchumba amepigwa chini, anayefika mlangoni hupiga hodi, na mvivu hupiga soga mpaka jua lizame. Mwanafunzi huyo hana pa kushika. Akiuliza kitu gani kinapigwa katika kupiga marufuku, hapati jibu la kumridhisha.

Jibu la kweli ni kwamba "piga" katika mifano hiyo imebaki na uzito mdogo mno. Kazi kubwa imefanywa na nomino inayofuata. Kitenzi kimekuwa mpini tu wa kuishikia. Ni hali hiyohiyo ya "run". Neno linalotumika kila mahali hupoteza nyama yake kidogo kidogo, likabaki mfupa, na mfupa huo maneno jirani huuvika yanachotaka. Anayefungua kamusi akahesabu maana 645 anahesabu, kwa kiasi kikubwa, majirani.

Tofauti ya lugha hizi mbili iko kwenye mbinu. Kiingereza huliacha neno kama lilivyo na kuzungusha vitu pembeni yake. Kiswahili hulifungua neno lenyewe na kulishonea vipande. Kutoka kwenye "enda" mtu hupata endea, endeka, endelea, endeleza, endesha, endeshwa, kisha mwendo, mwenendo, maendeleo, mwendeshaji na mwendesha mashtaka wa mahakamani. Hapo "endesha" pekee imebeba sehemu kubwa ya mzigo wa "run": huendesha gari, duka, mkutano, kesi, mashine na programu ya kompyuta. Na kwa bahati isiyo na adabu, lugha zote mbili zimefika chooni kwa njia moja. Kiingereza cha mtaani huita ugonjwa wa kuharisha kwa neno la kukimbia lililowekwa katika wingi. Kwa Kiswahili mgonjwa huyo anaendesha. Meneja mpya anayejisifu kwamba anaendesha vizuri bila kutaja kitu anachokiendesha ajue wasikilizaji wamepewa uhuru wa kuchagua.

Kwa hiyo ubingwa wa Kiingereza una dosari ya kihasibu. Maana zote huwekwa chini ya kichwa kimoja kwa sababu umbo la neno halibadiliki. Mhariri wa Kiswahili anayelipa kila shina lililonyumbuliwa kichwa chake atapata maneno mengi yenye maana chache chache, na hakuna hata moja litakaloingia kwenye mashindano. Akiyarundika yote chini ya mzizi mmoja, huenda wa Oxford wakaanza kutazama nyuma.

Tena "kimbia" yenyewe haikosi mafumbo. Aliyekimbia umande hakukimbia chochote kinachoonekana. Hakwenda shule tu. Wanaokimbiza Mwenge wa Uhuru nchini Tanzania, katika mbio zilizoanza mwaka 1964, husafiri sehemu kubwa ya njia kwa magari, na hakuna anayeona ajabu, sawasawa na mashabiki wa kriketi na pointi zao sita.

Mtafsiri anayelijua hili huacha kuuliza "run" ni nini kwa Kiswahili. Huuliza nani anafanya, kwa kitu gani, na kimefuatwa na kijineno kipi. Mashine za kutafsiri nazo zimejifunza somo hilo kwa taabu, na bado mara mojamoja kitufe cha programu hubandikwa maandishi yanayomwamuru mtumiaji akimbie.

Lakini kuna mahali ambapo mizani huegemea upande wa Kiswahili. Kiingereza kina neno moja kwa mwanariadha na jingine, la asili ya Kifaransa, kwa mtu aliyeihama nchi yake kwa kuogopa vita, na sikio halioni undugu wowote kati ya hayo mawili. Kiswahili kimewatoa wote kwenye mzizi mmoja: mkimbiaji na mkimbizi. Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo hiyo iliingia uwanjani ikiwa na wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliozaliwa Sudan Kusini, waliokulia katika kambi ya Kakuma kaskazini mwa Kenya na kufanya mazoezi Ngong chini ya mwanariadha wa Kenya Tegla Loroupe. Aliyebeba bendera alikuwa Rose Nathike Lokonyen, wa mbio za mita 800. Mtangazaji wa Kiswahili aliyekuwa akiwatambulisha usiku ule alilazimika kutamka kwa uangalifu: wakimbizi, wakimbiaji.